Kinyozi na Filimbi ya Nusu Fainali

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeamua. Nakuwa refa wa mpira wa kikapu. Asinicheke mtu.

Sababu ninayo. Binti yangu yuko mwaka wa mwisho sekondari, jezi namba tisa, na timu yao imeingia nusu fainali. Watakaoshinda wanakwenda mashindano ya taifa. Watakaoshindwa wanarudi darasani kujiandaa na mtihani, na hapo kikapu cha shule kwao kimekwisha. Na mimi, baba mzazi, siruhusiwi kukaa na watazamaji! Tangu mwaka jana. Eti nilipiga kelele. Nilipiga kelele mara moja tu, ila ilichukua robo tatu za mchezo. Refa akasimamisha mpira, akaninyooshea kidole mimi, kisha akaunyooshea mlango. Ukumbi mzima ukanisindikiza kwa makofi. Jioni Binti akaniomba kwa adabu zote nisije tena.

Na huyo refa ni nani? Fundi Saa! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Mimi nanyoa upande huu, yeye anachungulia saa upande ule, jicho moja limefumba. Kila asubuhi ananisalimia kwa heshima, kana kwamba hakunidhalilisha mbele ya kadamnasi.

Leo nimewaza nikiwa na kichwa cha mteja mkononi. Uwanjani kila mtu anaweza kutolewa nje. Mchezaji, kocha, mtazamaji. Asiyetolewa ni nani? Refa! Kitana kikanidondoka mdomoni. Mteja akauliza kuna nini. Nikamwambia atulie, ni mambo makubwa.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Bahati yangu! Chama cha marefa kina uhaba wa watu. Wametangaza mafunzo ya siku chache, alasiri, ukumbi wa shule. Nimefunga duka mapema nikaenda.

Mwalimu ni Mama Mwenyekiti, mkuu wa chama. Alifundisha michezo shuleni miaka thelathini, sasa amestaafu. Mfupi, miwani kubwa, sauti ya kukutoa usingizini. Yeye kila mtu anamwita mwanangu, hata mimi mwenye mvi.

Fomu ina swali: je, una ndugu au mtoto katika timu yoyote? Kwa sababu refa hachezeshi timu ya mwanawe. Kalamu ikasita. Nikaandika hapana. Si uongo mkubwa. Ni uongo wa herufi sita.

Nyumbani nimesema najifunza urefa ili nifanye mazoezi ya mwili. Mke wangu akanitazama tumbo, akasema ni wazo zuri. Binti akaniuliza kama nitachezesha mechi zao. Nikacheka sana. Nilicheka kupita kiasi, mpaka nikapaliwa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Urefa ni kazi ya mikono! Sikujua. Filimbi inalia, kisha mikono inazungumza. Ngumi moja juu, hiyo ni faulo. Kiganja juu, simamisha saa. Kisha unakwenda mbele ya meza ya makarani, unaonyesha namba ya mchezaji kwa vidole, unaonyesha alichofanya, unaonyesha mpira unaelekea wapi. Ukikosea mpangilio, makarani wanaandika faulo ya mtu mwingine.

Hatua ndiyo tamu kuliko zote. Mchezaji akishika mpira akapita hatua mbili bila kuudunda, refa anazungusha ngumi mbili mbele ya kifua, moja ikiifukuza nyingine.

Mimi nina kioo kikubwa dukani, basi nikafanya mazoezi hapo hapo. Faulo! Safi. Sekunde tatu chini ya kikapu! Safi. Hatua! Hapo nilisahau kwamba mkononi nina mashine inayonguruma na chini yake kuna kichwa cha mwalimu wa hesabu. Mfereji umepita kutoka sikio hadi utosini. Nikamwambia ndiyo mtindo wa sasa. Akajitazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama mtindo huo unavaliwa na kofia. Nikasema unapendeza zaidi ukivaliwa na kofia.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mtihani wa kuandika. Maswali hamsini, kufaulu ni thelathini. Mimi na vitabu hatukuwahi kuelewana, basi nikatumia akili. Niliandika kanuni zote kwenye taulo dogo jeupe la dukani, kwa wino, herufi ndogo ndogo. Nikalivaa shingoni kama mtu mwenye jasho.

Mambo yalikwenda vizuri hadi swali la ishirini. Kisha jasho likaja la kweli. Ukumbi joto, nikajifuta uso bila kufikiri. Nikajifuta tena. Mama Mwenyekiti akaja akasimama mbele yangu, akavua miwani, akaivaa tena. Akasema, mwanangu, kwenye paji la uso una kanuni ya sekunde tatu, na shavuni una faulo tano za mchezaji, lakini zimeandikwa kinyumenyume.

Ardhi ipasuke inimeze! Fundi Saa, aliyekuwa akisimamia mtihani, akakohoa kwenye ngumi yake. Aliyaona yote yule.

Taulo likachukuliwa. Nikamaliza peke yangu. Nimepata thelathini na moja! Mama Mwenyekiti alisema angenifukuza, ila mwenye jasho la aina ile bado ana aibu, na mwenye aibu anafundishika. Nimepewa filimbi nyeusi na fulana ya kijivu. Nimelala navyo.

Jumanne, tarehe 11 Juni

Mechi yangu ya kwanza. Wavulana wa kidato cha kwanza. Marefa huwa wawili: mmoja anasimama chini ya kikapu, mwingine nyuma karibu na katikati, na baada ya faulo wanabadilishana. Mimi nilisahau kubadilishana. Mara tatu Mama Mwenyekiti, refa mwenzangu, alikimbia kuja nilipo mimi, tukasimama bega kwa bega kama watu wanaosubiri lifti, kule kwingine wavulana wanavutana jezi bila msimamizi.

Lakini tatizo kubwa ni mdomo. Mimi ni kinyozi. Miaka ishirini na mbili nimenyoa huku kitana kiko kati ya meno, na stori zote za mtaa huu nimezisimulia hivyo hivyo. Mdomo wangu haujui kunyamaza ukiwa na kitu ndani. Kijana anarusha, mimi najisemea, loo, huyu mtoto hatari. Priiii! Mchezo unasimama. Wote wananitazama wanangoja nionyeshe kosa. Hakuna kosa! Na filimbi ikilia, mpira umekufa, hata kama aliyepuliza alikuwa anasifia tu. Ilitokea mara tano. Mara ya tano nilimpa faulo mvulana aliyekuwa anafunga kamba ya kiatu.

Mama Mwenyekiti akanivuta pembeni. Akasema, mwanangu, ukitaka kuongea, kwanza teme filimbi. Nikasema nimeelewa.

Alhamisi, tarehe 13 Juni

Ratiba imebandikwa. Nusu fainali ya wasichana, Jumamosi: Mama Mwenyekiti na Fundi Saa. Fundi Saa tena! Mimi nimepangwa kubeba mipira hadi mlangoni, basi.

Na ndiye pekee kwenye chama anayejua namba tisa ni mwanangu. Hajui nilichoandika kwenye fomu. Lazima asifike Jumamosi, nafasi iwe yangu. Nimepanga mpango. Asubuhi alipokwenda kununua maziwa niliingia dukani kwake, nikarudisha nyuma saa kubwa ya ukutani kwa saa nzima. Nikaona kazi imekwisha.

Ukuta mzima una saa sitini nyingine. Alirudi, akatupia jicho mara moja, akapanda kigoda, akairekebisha. Kisha akaja kuniambia kwamba saa ile ilikuwa imepatwa na kichaa, na kama yangu ya dukani inasumbua ataitazama bure, jirani ni jirani. Nikajiona mdogo kama nukta.

Ijumaa, tarehe 14 Juni

Sikufanya chochote! Naapa. Nilikuwa nafagia nywele tu. Nilizisogeza kibarazani ili nizizoe baadaye. Fundi Saa akatoka na kikombe cha chai, akakanyaga, mguu mmoja ukaenda sokoni na mwingine ukabaki nyumbani. Kifundo kimevimba kama embe. Daktari amesema wiki moja bila kukimbia.

Nilimbeba mimi mwenyewe hadi kwake. Nilihuzunika kweli. Nilihuzunika hadi kwenye kona ya mtaa, hapo furaha ikanizidi nguvu. Nikapiga simu kwa Mama Mwenyekiti nikajitolea. Akasita. Akauliza kama nitatema filimbi. Nikaapa kwa jina la marehemu baba yangu.

Fundi Saa aliniuliza nani atachukua nafasi yake. Nikamwambia chama kinashughulikia.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Siwezi kuandika. Naandika.

Binti aliponiona naingia uwanjani na fulana ya kijivu, macho yalimtoka. Akafungua mdomo, akaufunga. Mwenzake akamuuliza kitu, akatikisa kichwa. Alininyamazia. Alijua nikifukuzwa mbele ya watu mara ya pili nitakufa kwa aibu. Mtoto wa watu alinistahi.

Na mimi nilijitahidi! Robo tatu nilichezesha kama mtu mzima. Nilibadilishana nafasi. Nilionyesha namba kwa vidole. Binti nilimpa faulo mbili, moja haikuwa faulo, ila nilitaka haki ionekane. Wapinzani, wale wa shule ya ng'ambo ya reli, walimpongeza refa! Kocha wao alinipa dole gumba. Nikavimba kichwa.

Sekunde sita zimebaki. Wapinzani arobaini na moja, sisi arobaini. Nasema sisi, na refa hana sisi, najua. Mpira uko kwao. Namba tisa akanyoosha mkono, akaupokonya! Safi, bila kumgusa mtu. Akakimbia peke yake. Mimi nikakimbia pembeni yake, hatua kwa hatua, baba na mwana, hakuna mtu mwingine mbele yetu. Ana miaka kumi na saba, lakini nilimwona alivyokuwa anajifunza kutembea kati ya viti vya dukani. Akaruka. Mpira uko bado mkononi.

Nikasema, haya mwanangu!

Nilisema na filimbi mdomoni.

Priiiii!

Mpira ukaingia. Ukumbi ukalipuka, kisha ukazimika. Mama Mwenyekiti akaja mbio, akaniuliza nimeona nini. Nikatema filimbi, nimechelewa. Akainama kidogo kama aliyechomwa na kitu, akageukia meza, akafuta kikapu kwa mikono miwili. Filimbi ililia kabla mpira haujatoka mkononi. Kikapu hakipo. Mpira ukarudi kwa timu ya Binti, pembeni, sekunde mbili. Wakarusha. Binti akapiga kwa mbali. Ukagonga chuma, ukatoka.

Binti akasimama katikati ya uwanja. Akasema kwa sauti iliyovunjika, Baba, umefanya nini?

Ukumbi wote ulisikia. Mama Mwenyekiti alisikia neno la kwanza kuliko yote.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Binti hali mezani. Nikigonga mlango wake anasema anasoma. Mke wangu hakunigombeza, na hiyo ndiyo inatisha. Aliniwekea chai, akaniambia kwa upole kwamba yule mtoto alibakiwa na mechi moja. Kisha akatoka.

Nimekaa na chai hadi ikapoa. Moyo unaniuma kweli. Nilitaka kumwona tu akicheza. Sikutaka kitu kingine.

Jumatano, tarehe 19 Juni

Nimeitwa kwenye kamati. Shule ya Binti imelalamika. Mama Mwenyekiti alisoma barua mara mbili, akavua miwani. Akasema maisha yake yote amepokea malalamiko ya refa kumbeba mwanawe. Hili la refa kumwangusha mwanawe ni geni, na hajui alipange kwenye faili gani. Wajumbe wawili walitazama dari. Mabega yao yalikuwa yanatikisika.

Akaniuliza kwa nini nilidanganya kwenye fomu. Nikasema ukweli. Nikasema nilifukuzwa kati ya watazamaji, na hii ndiyo mechi yake ya mwisho, na sikujua njia nyingine ya kuingia. Hakucheka mtu tena.

Hukumu: mechi inarudiwa Jumamosi ya tarehe 29, kwa sababu refa hakustahili kuwepo. Fundi Saa atachezesha, mguu utakuwa umepona. Mimi nimefutwa. Filimbi nimerudisha, fulana nimerudisha. Na siku hiyo nisionekane hata getini.

Nilipokuwa natoka Mama Mwenyekiti akanishika mkono. Akasema, mwanangu, una roho nzuri, ila ifunge mdomo. Nikamshukuru. Nikaongeza kwamba faulo aliyoita robo ya pili haikuwa faulo. Akauachia mkono.

Ijumaa, tarehe 28 Juni

Binti amekuja dukani! Kwa miguu yake! Akakaa kwenye kiti, akasema nimpunguze pembeni, kesho ana mechi. Siku kumi na tatu hatujazungumza. Sikuthubutu kushika mashine, nikatumia mkasi.

Tulizungumza kupitia kioo, ni rahisi hivyo. Akasema kikapu hakimuumi tena. Kinachomuuma ni kwamba nilijificha. Kama ningemwambia nateseka kukaa nje, angeniombea mwenyewe kwa kocha, nikae benchi la maji, mradi ninyamaze. Akasema kila akifunga anatazama mlango, kwa mazoea tu. Nikamwambia nywele zimeniingia machoni.

Akaniomba kitu kimoja. Kesho nikae hapa, ninyoe watu. Mechi ikiisha atakuja mbio moja kwa moja, hata jezi hatavua, na mimi nitakuwa mtu wa kwanza kusimuliwa, kabla ya mama yake. Nikampa neno langu.

Jumamosi, tarehe 29 Juni

Nimekaa! Iandikwe. Siku nzima sikuvuka kizingiti. Mzee mmoja nilimnyoa, akaenda, nikamwita nikamnyoa tena. Kelele za ukumbini zilifika hadi hapa, na kila zikipanda nilishika mikono ya kiti. Mke wangu alikwenda mechi, mimi nilibaki. Nilijikaza kisabuni.

Saa kumi na moja na nusu akaingia mbio, jezi imelowa, anacheka na kulia. Wameshinda! Kikapu kimoja, sekunde ya mwisho, kikapu chake! Wanakwenda taifa! Nikambeba nikamzungusha mpaka chupa za spiriti zikaanguka. Nililia waziwazi mbele ya wateja wawili na sioni haya.

Nikamwambia anionyeshe. Kila kitu, mwanzo hadi mwisho. Akachukua taulo, akalikunja likawa mpira. Hapa kuna beki, mteja wangu akakubali kuwa beki. Akadunda, akamzunguka mteja, akalishika taulo, akapita kando ya kiti, akaruka, taulo likaingia kwenye beseni. Wateja wakapiga makofi. Akabaki amesimama, mikono juu, ananitazama mimi.

Na mimi nilikuwa nimeona. Sikutaka kuona. Moja, mbili, tatu.

Nikasema, mwanangu, hizo ni hatua.

Alidhani natania. Nikazungusha ngumi mbili mbele ya kifua. Akasema hatua ya tatu ni kwa ajili ya kiti, uwanjani hakuna kiti. Nikamwambia kwa upole kabisa kwamba kanuni hazisemi lolote kuhusu kiti. Mteja aliyekuwa beki akaomba alipe kesho, akaondoka na nusu ya ndevu. Binti alinitazama, akashusha mikono taratibu, akachukua begi lake. Mlangoni akasema ngoja akamsimulie Fundi Saa, yeye angalau alikuwepo.

Jumapili, tarehe 30 Juni

Nimefikiri kwa utulivu. Kosa si la mtoto. Mtoto anacheza anavyoachiwa. Kosa ni la refa. Kifundo kinauma, jicho moja limezoea kufumba, ataonaje hatua ya tatu? Chama kinahitaji mtu mwenye macho mawili. Nimeona niandike barua fupi kwa Mama Mwenyekiti. Siyo malalamiko, la hasha! Ni kumfahamisha tu kwamba kikapu cha ushindi kina walakini, ili wasijisahau wakifika taifa, na kwamba mimi niko tayari kurudi wakinihitaji. Binti akikua atanishukuru.

Mke wangu aliuliza naandika nini. Nikamwambia namsaidia mtoto wetu. Akasoma mistari miwili juu ya bega langu. Akakusanya kalamu zote za nyumba hii, hata ile isiyo na wino, akazifungia kabatini, na ufunguo akauweka kifuani.

Haya naandika kwa penseli yake ya nyusi. Inateleza vizuri kuliko nilivyodhani. Barua imefika ukurasa wa pili.